Kilindini mwa Ubongo: Seli Zinazozuia na Mdundo wa Gamba



Naomba nianze na pepopunda. Wakunga na wauguzi waliomo humu ukumbini wanaijua kuliko mimi. Bakteria wameingia kwenye kidonda, au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na sumu yao imepanda kwa njia ya neva mpaka kwenye uti wa mgongo. Taya zinakaza, mgongo unajipinda kwa nyuma, na mlango ukibamizwa tu mwili mzima wa mgonjwa unakakamaa. Asiyejua atadhani sumu ile inaichochea misuli. La hasha, haichochei chochote. Inaziingia seli za neva ambazo kazi yake ni kuzuia, ikazifunga zisiweze kumwaga kemikali yao. Seli zinazochochea ziko vilevile kama zilivyokuwa jana, ila leo hakuna wa kuzishika. Nguvu zile zote, ambazo mara nyingine huvunja hata pingili za uti wa mgongo, zilikuwamo mwilini siku zote, na kila dakika kulikuwa na kitu kinachozishikilia.

Usiku wa leo nataka tupande kutoka kwenye uti wa mgongo mpaka katikati ya ubongo, tuzitazame seli za jamaa hiyohiyo zinazokaa kilindini kabisa, chini ya gamba. Nitadai jambo moja, nanyi mnikosoe wakati wa maswali kama sikulithibitisha. Tumezoea kufikiri kwamba seli hizi zipo ili kupunguza makelele ya gamba la ubongo, yaani zikizidi mtu anazubaa na zikipungua anaweweseka. Mimi nadai kazi yao kubwa ni kulipangia gamba wakati wake. Na maradhi mawili nitakayoyaeleza, kifafa cha kuzubaa na Parkinson, hayaeleweki hata kidogo mpaka tuache kuuliza uzuiaji ni mwingi kiasi gani, tuanze kuuliza unakuja lini.

Kwamba neva inaweza kutuliza kulijulikana mapema. Mwaka 1845 ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba ukiiamsha neva ya vagasi moyo unapunguza mapigo. Lakini huo ulikuwa moyo. Aliyeupeleka uzuiaji ndani ya ubongo ni daktari wa Kirusi, Ivan Sechenov, mwaka 1862, akiwa mgeni katika maabara ya Claude Bernard jijini Paris. Jaribio lenyewe lilihitaji vifaa vichache mno. Alichukua chura, akachovya mguu wake katika tindikali iliyozimuliwa, akahesabu muda unaopita kabla mguu haujavutwa. Kisha akaufungua ubongo, akaukata, akaweka punje za chumvi kwenye thalamasi, iliyoko katikati. Mguu ukachelewa kuvutwa. Chumvi ilikuwa imeamsha kitu, na kitu hicho kilichoamka kilikuwa kinatuliza. Sechenov alirudi Urusi akaandika kitabu akidai kwamba hata fikra ni tendo la refleksi ambalo sehemu yake ya mwisho, ile ya misuli, imezuiwa isitokee. Wadhibiti wa machapisho wa Tsar walikiona kitabu hicho ni hatari, wakajaribu kukizuia. Nadhani hawakuona kichekesho chake.

Kemikali yenyewe ilichelewa kupatikana. Mwaka 1950 Eugene Roberts, huko St. Louis, Marekani, alikuta ndani ya ubongo wa panya asidi ndogo ambayo leo wanafunzi wote wa udaktari wanaijua kwa herufi nne, GABA. Kwa miaka mingi wengi waliona ni takataka za umetaboli tu. Ushahidi ulioanza kuwashawishi ulitoka Harvard, tena kwa kambakoche: neva za kambakoche zinazozuia misuli zilikuwa zimejaa GABA, na zikiamshwa ziliimwaga. Ikishamwagwa, hufungua mlango mdogo kwenye ngozi ya seli jirani, ayoni za kloridi zenye chaji hasi zikaingia, na seli ile ikasukumwa mbali na kizingiti chake cha kufyatua. Daktari anayemtuliza mtoto wa degedege kwa diazepamu anategemea mlango huohuo, kwa kuwa dawa ile huufanya uitikie GABA kwa wepesi zaidi. Mpaka hapo hadithi inakwenda sawa na mazoea yetu, yaani uzuiaji zaidi na utulivu zaidi. Ukifika kilindini hesabu hiyo inavurugika.

Gamba la ubongo wa binadamu, lile ganda lililokunjamana ambalo mnaliona kwenye kila picha, lina niuroni zipatazo bilioni 16 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima, kwa makadirio ya watafiti wa Brazil ya mwaka 2009. Karibu moja katika kila tano za gamba huzuia, lakini hizo ni za mtaa, zinazuia majirani zao. Hizo nitaziacha. Ninazozitaka ziko chini.

Katikati ya ubongo, mmoja kila upande, kuna miili miwili yenye umbo la yai. Hiyo ndiyo thalamasi. Karibu kila taarifa inayokwenda kwenye gamba, ya macho, ya masikio, ya ngozi, hupitia hapo; harufu peke yake ina njia yake ya pembeni. Upande wa nje wa kila yai umefunikwa na utando mwembamba wa seli uitwao kiini cha retikula, ambao nitauita retikula kwa kifupi. Seli zake zote hutoa GABA. Hazipeleki hata uzi mmoja kwenye gamba, maana nyuzi zote zinarudi ndani, kwenye thalamasi. Lakini utando huo umekaa njiani. Nyuzi zinazopanda kutoka thalamasi kwenda kwenye gamba huupenya, zinazoshuka kutoka kwenye gamba huupenya pia, na zote mbili huuachia matawi. Kwa hiyo retikula inasikia yanayopanda na yanayoshuka, ikikaa kimya kwa gamba na kusema na thalamasi tu.

Mpangilio huu ulimvutia Francis Crick, yule wa DNA, ambaye uzeeni alihamia Taasisi ya Salk kule California na kuacha jeni akaingia kwenye ubongo. Mwaka 1984 alichapisha makala akisema kwamba kama thalamasi ni lango la gamba, basi retikula ni mlinzi wa lango, na kwamba huenda ndiyo inayoongoza makini yetu kama mtu anayemulika kurunzi gizani, sasa hapa, sasa pale. Naipenda makala ile kwa sababu haina jaribio hata moja la Crick mwenyewe. Alisoma kazi za wenzake, akakaa chini, akafikiri. Sehemu moja alikosea: alidhani ile milipuko ya haraka ya seli za thalamasi ndiyo mwanga wa kurunzi, na sisi tunaikuta zaidi usingizini. Lakini kiini cha wazo kilisimama. Mwaka 2008 watafiti wa Bethesda, Maryland, waliwafundisha nyani makaku kuelekeza makini mahali fulani kwenye skrini bila kuyahamisha macho. Makini ilipokwenda kwenye kitu, seli za retikula zinazohusika na mahali pale zilipunguza sauti, na seli za thalamasi zinazopeleka picha ya mahali palepale zikapandisha. Miaka 7 baadaye kundi la Michael Halassa, New York, lilifanya kazi na panya waliotakiwa mara wafuate mwanga, mara wafuate sauti. Panya aliyefuata mwanga alilegeza sehemu ya retikula inayozuia njia ya macho; aliyefuata sauti aliikaza sehemu hiyo. Watafiti walipoingilia kati na kuivuruga, panya alishindwa kuchagua, ingawa macho na masikio yake yalikuwa mazima.

Naomba wanafunzi wa fiziolojia wakae sawa sasa, maana tunaingia kwenye utaratibu wenyewe, na bila huo hayo mengine ni porojo.

Mwaka 1984, uleule wa makala ya Crick, Henrik Jahnsen na Rodolfo Llinás walichapisha vipimo vya vipande vya thalamasi ya simbilisi (guinea pig) vilivyowekwa hai ndani ya kimiminika. Waligundua kwamba seli ya thalamasi ina milango ya kalsiamu yenye tabia ya pekee. Seli ikiwa katika hali yake ya kawaida ya kuwa macho, milango hiyo imekwama, haifunguki hata ukiigonga. Ili ikwamuke ni lazima seli isukumwe chini kwanza, yaani izuiwe, kwa muda wa kutosha. Hapo ukiiachia, milango inafunguka kwa pamoja na seli inamwaga mlipuko wa ishara kadhaa kwa mpigo. Mtoto mwenye manati anaielewa seli hii kuliko vitabu vyetu vingi: jiwe linakwenda mbali kwa sababu mpira ulivutwa nyuma. Uzuiaji, kwa seli hii, ni maandalizi ya kufyatua.

Sasa iunganishe na retikula. Seli za retikula zinazuia thalamasi. Sehemu ya kumi ya sekunde inapita, uzuiaji unaisha, thalamasi inafyatuka. Mlipuko wake unapanda kwenye gamba, lakini njiani unaigonga retikula kwa yale matawi. Retikula inaamka na kuizuia thalamasi upya. Inazunguka hivyo mara 10 mpaka 15 kwa sekunde, halafu inazimika. Gamba lililo juu halijaamua lolote, ila linapokea mpigo baada ya mpigo na kuitikia.

Mpigo huo uliandikwa kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajajua unakotoka. Alfred Lee Loomis alikuwa mwanasheria aliyetajirika Wall Street, akaitumia fedha kujenga maabara binafsi Tuxedo Park, nje ya New York. Mwaka 1935 yeye na wenzake walichapisha rekodi za umeme wa ubongo wa watu waliolala, na ndani yake yalikuwamo mafungu ya mawimbi yanayoanza membamba, yakanenepa katikati, yakasinyaa, yote ndani ya sekunde moja au mbili. Nusu karne baadaye Mircea Steriade, Mromania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, alithibitisha kwa paka kwamba yanaanzia retikula. Thalamasi iliyotenganishwa na retikula haikuyatoa tena. Na retikula iliyokatiwa mawasiliano na thalamasi pamoja na gamba, ikabaki peke yake kama kisiwa, iliendelea kuyatoa. Seli zisizojua kingine ila kuzuia zilikuwa zinapiga mdundo zenyewe.

Mafungu hayo yana kazi. Yanapopita, sauti za nje hazipandi vizuri kwenye gamba. Watafiti wa Boston mwaka 2010 waliwapigia watu waliolala kelele za simu, magari na ndege, na waliokuwa na mafungu mengi zaidi ndio waliovumilia kelele bila kuamka. Ninyi mnaoishi jirani na baa mnaweza kujipima wenyewe. Pia yanahusishwa na kuhifadhi yaliyofunzwa mchana, na kwa wagonjwa wa skizofrenia mara nyingi yanakutwa yamepungua.

Nimetumia muda mrefu kwenye usingizi kwa sababu mzunguko uleule, ukipotoka kidogo, unatoa ugonjwa.

Mtoto wa miaka 6 au 7 yuko darasani. Katikati ya sentensi ananyamaza. Macho yako wazi, kope zinachezacheza kidogo, hadondoki, hatoi povu. Baada ya sekunde kama 10 anaendelea pale alipoachia, na hajui kama kuna kilichotokea. Inaweza kumpata mara nyingi kwa siku. Hiki ni kifafa cha kuzubaa, na watu wengi hawakubali kwamba ni kifafa kwa sababu hawaoni mtikisiko. Mwalimu anaona utovu wa makini, na dawa ya utovu wa makini katika shule zetu mnaijua. Kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme: mwambie mtoto apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika tatu, mbele ya daktari, na mara nyingi atazubaa hapohapo. Ukimvika elektrodi, EEG (rekodi ya umeme wa ubongo) itaonyesha kitu ambacho Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walikieleza kule Harvard mwaka 1935, yaani ncha kali ikifuatwa na wimbi pana, mara 3 kwa sekunde, kichwa kizima kwa wakati mmoja.

Jiulizeni: ugonjwa huu ni wa uzuiaji uliopungua au uliozidi? Elimu ya pepopunda itatuambia umepungua. Basi tumwongezee GABA. Madaktari walipata fursa ya kuona, kwa sababu zipo dawa za kifafa zinazoongeza GABA kati ya seli, vigabatrini na tiagabini. Zinasaidia aina nyingine za kifafa. Hiki zinaweza kukizidisha.

Maelezo yalikuja kutoka kwenye vipande vya ubongo wa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche, mwaka 1993. Marcus von Krosigk, Thierry Bal na David McCormick walikuwa na kipande cha thalamasi kinachotoa yale mafungu ya usingizi chenyewe mezani. Wakaongeza dawa inayoziba milango ya haraka ya GABA. Mawimbi hayakukoma. Yakapungua kasi mpaka mara 3 hivi kwa sekunde, na kila mpigo ukawa na nguvu kuliko mwanzo. Milango ya haraka ilipozibwa, ilibaki aina ya pili ya vipokezi vya GABA, ya polepole, inayoshikilia seli chini kwa muda mrefu zaidi. Seli za retikula, ambazo kwa kawaida huzuiana zenyewe kwa zenyewe, ziliachwa huru zikamwaga GABA nyingi kwa pamoja. Thalamasi ikavutwa chini sana, kwa muda mrefu, ikafyatuka kwa nguvu na kwa pamoja, ikaigonga retikula upya. Gamba likabebwa. Yule mtoto amezuiwa kwa wakati mmoja kila mahali, kisha ameachiwa kwa wakati mmoja kila mahali, mara 3 kila sekunde, na katikati ya hapo hakuna nafasi ya kusikia jina lake likiitwa.

Ndiyo maana dawa yake mojawapo nzuri, ethosuksimidi, haigusi GABA kabisa. Inapunguza nguvu ya ile milango ya kalsiamu, mpira wa manati wenyewe. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na kabamazepini, ambayo zahanati nyingi zinayo, inaweza kumzidishia mtoto huyu hali. Wafamasia, nawaomba msinielewe vibaya, kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kingine. Ninachosema ni kwamba "kifafa" kilichoandikwa kwenye cheti bila aina hakitoshi kuchagua kidonge.

Niingie kwenye kilindi cha pili. Mwaka 2019 kundi lilelile la Halassa lilifuatilia amri ya kuchagua kati ya mwanga na sauti, likakuta kwamba haitoki gamba la mbele moja kwa moja hadi retikula. Inapitia ganglia za msingi, mkusanyiko wa viini vilivyo chini ya gamba, pembeni mwa thalamasi. Humo karibu kila kitu ni uzuiaji. Striatamu, mlango wa kuingilia, ni seli za GABA kwa zaidi ya asilimia 90. Vituo vya kutokea, yaani globasi palidasi ya ndani na sehemu ya sabstansia nigra, ni GABA pia. Na vituo hivyo vya kutokea havipumziki. Umekaa hujafanya lolote, vinapiga makumi ya ishara kila sekunde, vikiikandamiza thalamasi inayohusika na mwendo.

Kwa hiyo unapotaka kunyoosha mkono, striatamu inavizuia vizuiaji. Vinanyamaza kwa muda mfupi sana, mahali padogo sana, na thalamasi ya mahali pale inapata ruhusa ya kusema na gamba. Okihide Hikosaka na Robert Wurtz waliliona jambo hili waziwazi mwaka 1983 kwa nyani: seli za nigra zilizokuwa zikipiga mfululizo zilinyamaza kitambo kidogo kabla macho hayajaruka kwenda kwenye shabaha. Amri ilikuwa ni kile kimya.

Parkinson ni ugonjwa wa humu. Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817: mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, hatua fupi zinazoburuzika, mwendo unaochelewa kuanza. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz waliwaonyesha walimwengu kutoka Vienna kwamba striatamu ya marehemu wa ugonjwa huu imeishiwa kemikali ya dopamini. Kisha ikaja ajali ya California ya mwaka 1982, vijana waliojidunga heroini bandia wakaganda kwa siku chache kama wazee wa Parkinson. Daktari William Langston alifuatilia mpaka kwenye uchafu mmoja ndani ya dawa ile, MPTP, ambao unaua seli za dopamini. Msiba ule uliwapa watafiti njia ya kuutengeneza ugonjwa kwa nyani. Mahlon DeLong na Hagai Bergman, Baltimore, wakiwa na Thomas Wichmann, walionyesha mwaka 1990 kwamba nyani hao wakiharibiwa kiini kidogo cha chini ya thalamasi, ambacho kinavichochea vile vituo vya kutokea, wanarudi kutembea.

Maelezo yakawa rahisi, na vitabu vikayapokea: dopamini imekwisha, vizuiaji vimezidi, thalamasi imekandamizwa, gamba halina ruhusa. Breki zimekazwa mno, kwa lugha ya vitabu hivyo. Mimi mwenyewe nayafundisha hivyo mwaka wa pili kwa sababu yanaingia kwenye mtihani. Lakini David Marsden na José Obeso waliuliza mwaka 1994 swali ambalo bado linachoma. Madaktari wa upasuaji wakichoma globasi palidasi ya ndani, kituo kikuu cha kutokea, mgonjwa anapata nafuu, vizuri. Mbona hapati mwendo wa kuzidi? Kama kile kilikuwa kizuizi na tumekiondoa, mbona viungo havirukiruki ovyo? Tena wagonjwa wanaorukaruka kwa sababu ya dawa wakichomwa palepale, kuruka kunapungua. Kwa hesabu ya kiasi, upasuaji mmoja hauwezi kuponya kuzidi na kupungua kwa pamoja.

Hesabu ya wakati inaweza. Elektrodi zilizowekwa kwenye kiini cha chini ya thalamasi cha wagonjwa zimeonyesha mdundo wa nguvu kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde, na gamba la mwendo linaufuata. Levodopa, dawa ya kurudisha dopamini, ikinywewa, mdundo unashuka na mkono unalegea. Kilichowapata wagonjwa hawa ni vizuiaji vinavyopiga kwa pamoja pale ambapo kila kimoja kilipaswa kunyamaza kwa zamu yake. Ile ruhusa ndogo ya mahali padogo haipati upenyo. Ukikiondoa kituo kinachotangaza mdundo mbovu, gamba linaachwa bila maelekezo, nalo, kwa ajabu, linamudu kiasi. Hivyo ndivyo ninavyoelewa pia kwa nini umeme wa Alim Louis Benabid wa Grenoble unafanya kazi. Aligundua mwaka 1987, akiwa katika upasuaji, kwamba mipigo ya zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwenye thalamasi inazima mtetemeko papo hapo, na miaka michache baadaye akaihamishia kwenye kiini cha DeLong. Mipigo ile inavuruga mdundo. Wapo wenzangu wanaosisitiza kuwa inaziba seli tu. Tutabishana nje, kwenye chai.

Msidhani haya ni ya kwingine. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 160,000, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaugua nini. Watu wa nyumbani walidhani ni uzee. Levodopa yenyewe imo ndani ya mbegu za upupu, huohuo unaowasha, kwa asilimia kadhaa ya uzito wake, na imewahi kujaribiwa kwa wagonjwa kule Bolivia na kuleta nafuu. Lakini msiende kuchuma. Kiasi hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na dozi iliyozidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu na kuweweseka.

Mpaka hapa wazuiaji wote niliowataja wanalifikia gamba kwa kupitia thalamasi. Kuna wengine wanaopanda wenyewe. Mwaka 2015 kundi la Bernardo Sabatini, Harvard, lilieleza seli za globasi palidasi ya nje zinazopeleka nyuzi za GABA moja kwa moja kwenye gamba la mbele. Kwenye sakafu ya ubongo wa mbele kuna nyingine, ambazo zikiamshwa kwa mwanga ndani ya panya, gamba linapiga mara 40 kwa sekunde na mnyama anakuwa macho. Zinazuia, na gamba linaamka! Sababu ni kwamba shabaha zake nyingi ndani ya gamba ni wazuiaji wa mtaa, wale niliowaacha mwanzoni.

Wa mwisho ni zona inseta, ukanda mwembamba chini ya thalamasi. Mswisi Auguste Forel aliueleza mwaka 1877, akakiri kwamba hakuna la hakika analoweza kusema juu yake. (Forel alikuwa mtaalamu wa sisimizi pia, na Waswisi walimweka kwenye noti yao ya faranga 1,000.) Mwaka 2023 kundi la Johannes Letzkus, Ujerumani, lilifuatilia nyuzi za GABA zinazotoka humo mpaka tabaka la juu kabisa la gamba la panya, na kukuta kwamba huko nako zinazuia wazuiaji, na kwamba namna zinavyoitikia sauti inabadilika panya akishajifunza kuiogopa. Ukizinyamazisha, kumbukumbu ya kile kitisho inapungua. Wakati huohuo, Bristol nchini Uingereza na Umeå nchini Sweden, madaktari wa upasuaji wamekuwa kwa miaka mingi wakipitisha elektrodi katika ukanda huohuo, au pembezoni mwake, kwa ajili ya kuzima mtetemeko wa mikono. Wagonjwa wanainua kikombe bila kumwaga. Swali ambalo ningependa mmoja wa wanafunzi waliokaa nyuma pale alichukue ni hili: mkono ukitulia, zile nyuzi zinazopanda kwenye tabaka la juu zinaliambia gamba nini, na je, tunapouzima mtetemeko tunagusa pia kile ambacho mgonjwa amejifunza kukiogopa?